Gunia la Mtaa wa Kichwele: Riwaya ya M. G. Vassanji na Mazungumzo ya Rangi Katikati ya Dar es Salaam

Mchungaji atokaye Kanisa la Azania Front, lililo mbele ya bandari, akienda kwa miguu kuhubiri katika Usharika wa Kariakoo, huvuka miji mitatu kwa muda wa nusu saa hivi. Huanzia mahali ambapo Wajerumani walijijengea wenyewe. Hupita katikati ya maghorofa ya Uhindini, penye misikiti ya madhehebu mbalimbali, jamatkhana na mahekalu ya Kisutu. Kisha huvuka uwanja wa Mnazi Mmoja, na ng'ambo ya uwanja huo ndipo ilipoanza Uswahilini. Mpangilio huo haukutokea kwa bahati. Kanuni za ujenzi za utawala wa Kijerumani, ambazo Waingereza walizirithi na kuziendeleza baada ya kuutwaa mji mwaka 1916, ziliugawa mji katika kanda tatu. Jambo la kutazamwa ni kwamba kanuni hizo zilizungumzia aina ya majengo tu: hapa nyumba za namna ya Kizungu, hapa majengo ya biashara na makazi, kule nyumba za udongo na makuti. Rangi ya mtu haikuhitaji kutajwa, na hata hivyo kila mtu alijua mahali pake pa kulala. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili uwe mpaka kati ya Uhindini na Kariakoo. Mji huu, basi, ulifundishwa mapema kubagua bila kutamka.

Katika makala hii tunakusudia kuisoma upya riwaya ya M. G. Vassanji iitwayo The Gunny Sack, iliyotolewa mwaka 1989 katika mfululizo wa waandishi wa Kiafrika wa Heinemann, na ambayo mwaka uliofuata ilipewa tuzo ya waandishi wa Jumuiya ya Madola kwa upande wa Afrika. Tutasaidiwa na kitabu cha mwanahistoria James R. Brennan kiitwacho Taifa, kilichotolewa na Ohio University Press mwaka 2012. Huenda msomaji wetu akauliza, riwaya iliyoandikwa kwa Kiingereza na Mwasia aliyelelewa Dar es Salaam na kuhamia Kanada ina shughuli gani katika jarida la wanatheolojia wa Kilutheri? Jibu letu ni kwamba riwaya hii inajaribu kufanya jambo ambalo mimbari zetu za mjini hazijalifanya kwa dhati, yaani kuzungumza juu ya rangi kwa uwazi na kwa ukweli kwa pamoja. Tunataka kuona inafika wapi, na inakwama wapi, kwa kuwa mahali inapokwama ndipo ilipo kazi yetu.

Msimulizi wa riwaya ni Salim Juma, aliye ugenini, mbali na Tanzania. Amerithi gunia kuukuu kutoka kwa bibi mkubwa wa ukoo, Ji Bai. Ndani ya gunia mna vitu vya zamani na madaftari, na kila kitu kinachotolewa huja na habari yake. Hivyo tunapelekwa hadi kwa babu wa babu, Dhanji Govindji, aliyetoka Gujarati akapitia Zanzibar na kufungua duka katika kijiji cha pwani kiitwacho Matamu. Kabla hajaoa mke wa jamii yake, Dhanji alikaa na mwanamke mtumwa, Bibi Taratibu, akamzaa naye mtoto wa kiume, Huseni. Baadaye alioa, akapata watoto wengine, na Bibi Taratibu akawekwa kando. Lakini Huseni alipopotea, mzee huyo hakuweza kustahimili. Alitumia mali yake yote kumtafuta. Ilipokwisha akaitia mkono mali ya jamaa waliomwamini, mpaka asubuhi moja akauawa. Ukoo uliobaki ulihamia mjini, na sehemu kubwa ya riwaya hufanyika katika duka la Kulsum, mama yake Salim, kwenye Mtaa wa Kichwele, ule ambao baada ya uhuru uliitwa Mtaa wa Uhuru, ukingoni mwa Kariakoo.

Msomaji wa Biblia hawezi kupita hapa bila kumkumbuka Hajiri. Katika Mwanzo 16 na 21 tunaye mjakazi mgeni, mtoto aliyezaliwa kabla ya mtoto wa ahadi, wivu wa nyumbani, na kufukuzwa jangwani. Tofauti ni kwamba Ibrahimu aliamka alfajiri, akawapa mkate na kiriba cha maji, akawaacha waende. Dhanji aliondoka kumtafuta mwanawe na hakurudi kuwa mtu mzima tena. Vassanji hataji Hajiri, wala hatuna haja ya kusema kwamba alimkusudia. Lakini mhubiri aliyezoea kuisoma sura ya 21 kana kwamba ni habari ya Isaka peke yake angefaidika akiisoma pamoja na kurasa hizi za Matamu. Mungu alisikia sauti ya kijana pale alipokuwa; katika riwaya baba peke yake ndiye anayesikia, na amechelewa.

Tukae kidogo juu ya jambo hili, kwa maana ndilo kiini cha kitabu. Watu wa Mtaa wa Kichwele, kama watu wa Uhindini kwa jumla, walijulikana kwa jirani zao Waafrika kuwa watu wa kujitenga: huuza mchana na jioni hufunga milango, huoana wao kwa wao, hula wao kwa wao. Nao wenyewe walijieleza hivyo. Msimulizi angeweza kuanza na utetezi, kwamba babu zetu walikuja maskini na tulifanya kazi kwa bidii. Utetezi huo una ukweli wake, na umeandikwa mara nyingi. Yeye anaanza na mwanamke aliyefichwa. Anasema, kwa habari nzima ya kitabu chake, kwamba katika damu ya nyumba iliyojiona kuwa safi yumo mtumwa wa Kiafrika, kwamba jambo hilo lilijulikana na kuzungumzwa kwa kunong'ona, na kwamba mali ya duka na dhambi ya nyumbani zilikaa chini ya paa moja. Kwa lugha ya shule yetu, huu ni mwanzo wa maungamo. Halazimishwi na mshtaki yeyote. Analifungua gunia lake mwenyewe.

Luther, katika hoja ya 21 ya Heidelberg mwaka 1518, alimpambanua mwanatheolojia wa msalaba na yule wa utukufu kwa jambo moja, kwamba wa kwanza hukiita kitu jina lake. Wanafunzi wetu huikariri hoja hiyo kwa mtihani na huijadili kuhusu wokovu na matendo. Ni nadra kuisikia ikitumiwa kuhusu mtaa. Lakini Vassanji, asiyekuwa na nia ya kuwa mwanatheolojia, ameiitikia kwa namna yake: utumwa unaitwa utumwa, na mtoto wa nje anatajwa kwa jina.

Sasa twende kwenye mazungumzo yenyewe, maana riwaya inayo mazungumzo ya wazi kabisa juu ya rangi. Yako katika sehemu ya tatu, inayoitwa kwa jina la Amina. Salim yuko katika kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, mbali na Dar es Salaam, na huko anampenda msichana Mwafrika mwenye fikra kali za kisiasa. Siku moja anamlalamikia kwamba anamwita Mhindi ilhali yeye, baba yake na babu yake wamezaliwa hapa hapa. Amina hakubali kuishia kwa babu. Anauliza waliotangulia walikuja kufanya nini, na anamkumbusha kwamba miongoni mwao walikuwemo walioikopesha fedha biashara ya watumwa. Salim naye anarudisha pigo: ikiwa wa kwake walitoa fedha, wazee wa Kiswahili wa upande wa Amina ndio walioiendesha. Wanaendelea hivyo, kila mmoja akilipa neno kwa neno.

Wahakiki wengi wameupenda ukurasa huu, na ni haki yao, kwa kuwa ni nadra katika fasihi ya Afrika Mashariki vijana wawili wa rangi mbili kuambiana mambo haya usoni. Sisi tunauona kuwa ni mzuri kwa sababu nyingine, yaani unaonyesha mazungumzo yaliyo wazi na yasiyo na ukweli wa kutosha. Kila wasemalo, kwa historia, lina msingi. Kasoro ni kwamba katika dakika ile ile ambapo Salim angeweza kusema habari ya Bibi Taratibu, anajibu kama wakili. Anayo habari inayomfanya awe mzao wa mnunuzi na wa mnunuliwa pia, na katika hoja ile haigeuzi kuwa neno la kumkaribia Amina. Ni baadaye sana, akiwa ugenini na gunia mbele yake, ndipo anapoweza kuisimulia yote, na Amina hayupo kuisikia. Tunaona hapa ndipo uzito wa kitabu ulipo, zaidi hata ya habari za mapenzi na safari. Maungamo yamefanyika mbele ya msomaji, na jirani aliyestahili kuyapokea hakuwepo.

Tumesema kwamba walisemezana neno kwa neno. Lakini maneno yenyewe yalikuwa yapi? Hapa kitabu cha Brennan kinatusaidia sana. Mwandishi huyo amepekua magazeti ya Kiswahili na nyaraka za mji wa Dar es Salaam wa enzi ya Waingereza, na hoja yake kubwa ni kwamba neno "taifa" lilibeba mambo mawili kwa pamoja: watu wa nchi moja, na watu wa damu au rangi moja. Wasomaji wa miaka ya 1940 na 1950 waliposoma juu ya taifa la Waafrika, hawakutenganisha maana hizo mbili. Anaonyesha pia jinsi maisha ya mjini yalivyozipa nguvu: kodi za nyumba, duka la rejareja na mkopo wake, na hasa mgawo wa chakula na nguo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, uliofuata rangi ya mtu. Mtu aliyesimama kwenye foleni ya mgawo alifundishwa rangi yake kwa kibaba. Kutoka katika uchungu huo lilikua neno "unyonyaji", na mnyonyaji katika mawazo ya mtaa alikuwa na sura ya mwenye duka.

Sisi watu wa Kanisa tunalo jambo la kuongeza ambalo si kazi ya mwanahistoria kulisema. Neno hilo hilo ndilo la Biblia yetu. "Mataifa" ni wale wasio Wayahudi. Na lile kusanyiko kubwa la Ufunuo 7 limetoka katika kila taifa. Mkristo wa Kariakoo alisikia neno moja kanisani na mkutanoni, likimwita kwenye ushirika wa watu wote siku ya Jumapili na likimkumbusha damu yake Jumatatu. Hata leo Kiswahili chetu hakina jina moja tulivu la jambo hili. "Rangi" ni ya nguo na ya ukuta. "Kabila" ni la Mchaga na Mhaya. "Asili" ni neno la adabu la kwenye fomu. "Ubaguzi wa rangi" tumeuweka kwa ajili ya Afrika Kusini. Pembeni ya maneno hayo ya adabu yako yale ya nyuma ya kaunta na ya kwenye daladala, ambayo kila mtu anayajua. Mazungumzo ya rangi huanza kwa shida kwa sababu lugha ya heshima haina neno, na lugha yenye neno haina heshima.

Hapana shaka wako watakaotujibu kwamba kunyamaza kumetusaidia. Watasema, tazameni Uganda: mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na sisi hatukufanya hivyo. Hoja hii ni nzito na hatuidharau. Lakini yatupasa kuangalia ni nini hasa kilichotuokoa. Mwaka 1958 TANU ilipokubali uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, jambo hilo lilijadiliwa Tabora kwa ukali mpaka Zuberi Mtemvu akajitenga na kuanzisha chama chake. Mwaka 1961, Bunge lilipojadili uraia, wako waliotaka uraia ufuate rangi. Mwalimu Nyerere hakuwatuliza kwa maneno matamu. Alisimama, akawaonya kwa mfano wa Hitler, na akaiweka serikali yake rehani kwa hoja hiyo. Hayo yalikuwa mazungumzo ya wazi ya rangi, yenye hatari kwa msemaji. Amani tuliyoirithi ilitokana na kusema. Kunyamaza kulikuja baadaye, na kulikuwa na bei yake.

Januari 1964, askari walipoasi, maduka ya Waasia na Waarabu mjini yaliporwa. Aprili 1971 Sheria ya Utwaaji wa Majengo ilitwaa nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambazo mwenyewe hakuzikalia zote, zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Sheria haikutaja rangi, kama vile kanuni za Wajerumani zisivyoitaja. Iliandikwa kwa lugha ya ujamaa, na kwa nia ya ujamaa. Lakini nyumba zilizotwaliwa karibu zote zilikuwa za Waasia, na Waasia wengi walifunga mizigo wakaenda Uingereza na Kanada. Je, ilikuwa haki? Wapangaji wa Kiafrika waliokuwa wamelipa kodi kwa mwenye nyumba mmoja miaka 20 walikuwa na jibu lao. Mjane wa Kihindi aliyeishi kwa kodi ya vyumba viwili alikuwa na lake. Majibu hayo hayakuwahi kuketi meza moja. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyama vingi vilipokuja, lilipovuma jukwaani neno "magabacholi" kutoka kwa Mchungaji Christopher Mtikila, na umati ukashangilia kana kwamba umefunguliwa kinywa. Tusistaajabu. Jambo lisilosemwa na wenye hekima litasemwa na mwingine, na wenye kiu hawataangalia ubora wa maji. Wala tusisahau kwamba msemaji alikuwa mtumishi wa Neno.

Na Walutheri je? Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu wa sita katika mji huu huu wa Dar es Salaam, wa kwanza katika bara la Afrika. Hapo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza kuwa na wadhifa huo. Na hapo mkutano ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi wa kusini mwa Afrika umeifikisha imani yenyewe mahali pa kukiri au kukana, yaani status confessionis. Mwaka 1984, huko Budapest, makanisa mawili ya Wazungu ya kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama kwa kutoukataa ubaguzi huo. Ni moja ya saa tukufu za Kanisa letu, na kila mwanafunzi wa theolojia aijue tarehe yake. Lakini twaomba tupime umbali. Mji uliotoa tamko lile ulikuwa umetoka kuyaona majengo ya Uhindini yakibadilisha wenyewe miaka sita tu nyuma. Tamko lilivuka Limpopo. Halikuwahi kupewa njia ya kuvuka Mnazi Mmoja. Hatusemi kwamba mambo hayo mawili yalilingana, hata kidogo. Ubaguzi wa Pretoria ulikuwa mfumo wa dola wenye polisi na magereza, na anayeulinganisha na ununuzi wa chumvi Kariakoo anaupunguza. Tunalosema ni kwamba Kanisa lililojua kutamka vile lilikuwa na ulimi, na ulimi huo haukutumika nyumbani.

Mara nyingi andiko linalotumika kuufunga ulimi ni Wagalatia 3:28. Mhubiri husema kwamba katika Kristo hakuna Myahudi wala Myunani, basi tusiyazungumze hayo. Lakini katika sura iliyotangulia Paulo amesimulia jinsi alivyompinga Petro uso kwa uso kule Antiokia, mbele ya wote, kwa sababu alijitenga na meza ya watu wa Mataifa. Mtu aliyeandika kwamba hakuna Myahudi wala Myunani ndiye aliyetaja kwa majina nani amekula na nani. Tazama pia Matendo 6. Wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika mgawo, na manung'uniko yakazuka kwa misingi ya lugha na asili. Mitume wangeweza kuwaambia wanung'unikaji kwamba wanaleta ukabila kanisani. Badala yake waliita kusanyiko, wakalisikiliza, na wakaweka watu saba ambao majina yao yote ni ya Kiyunani, mmoja wao mwongofu wa Antiokia. Foleni ya mgawo ya Yerusalemu ilishughulikiwa kwa kutajwa. Ile ya Dar es Salaam wakati wa vita ilisubiri.

Wengine hukimbilia amri ya nane, kwamba tusimshuhudie jirani uongo, na kwa hiyo afadhali tusiseme neno. Katekisimo Ndogo haituruhusu kujificha hapo. Maelezo yake hayaishii katika kukataza. Yanatudai kumtetea jirani, kumnena mema, na kuyafasiri mambo yake kwa upande wa heri. Kumtetea ni kusema. Mkristo anayesikia dukani Mswahili akiitwa mwizi kabla hajagusa kitu, au anayesikia kwenye daladala kwamba Wahindi wote ni wezi, hajaitimiza amri hiyo kwa kutazama dirishani.

Haya si mambo ya makumbusho. Mtaa wa Kongo na Mtaa wa Msimbazi leo vina wageni wapya. Nyumba za vyumba sita zimegeuka maghorofa ya maduka, na nyuma ya kaunta nyingi ameketi Mchina, ambaye hapo awali alikuwa mwenye kuuza kwa jumla na sasa, kwa malalamiko ya wafanyabiashara wetu, anauza hata kwa rejareja. Januari 2011 serikali iliwapa wageni wafanyao biashara ndogo Kariakoo siku 30 waondoke. Julai 2025 ilitolewa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo za jumla na rejareja, isipokuwa za maduka makubwa ya kujihudumia. Kuwalinda wachuuzi wa nchi ni wajibu halali wa serikali, na mwenye meza ya vitambaa pale Kongo ana haki ya kulalamika akishindana na mwenye kiwanda. Hata hivyo, anayesikiliza vizuri maneno yanayotumika atayatambua. Ni yale yale ya miaka ya 1940. Jina tu limebadilika. Amri husema "wasio raia". Mtaa husema "Wachina", na mara nyingine humchanganya humo Mtanzania wa kizazi cha nne ambaye pasi yake ni kama yetu. Sharika zetu za katikati ya mji zina wafanyabiashara wa pande zote za malalamiko hayo: mwenye fremu, mpangaji, mchuuzi, na binti anayemuuzia Mchina kwa mshahara wa mwezi. Wote hushika kitabu kimoja cha nyimbo. Ni wapi wanapoweza kuambiana?

Tukiirudia riwaya, hatuna budi kutaja upungufu wake. Waafrika wa Mtaa wa Kichwele wanaonekana zaidi kwa jicho la dukani: mtumishi, mteja, mpita njia. Bibi Taratibu mwenyewe, ambaye bila yeye hakuna kitabu, karibu hasemi. Tunaambiwa upole wake, ambao ndio jina lake, na hatuambiwi alifikiri nini alipowekwa kando. Amina ana sauti, lakini tunaisikia kupitia kwa mtu anayempenda na kumwogopa. Mtunzi ameiita jamii yake Washamsi, jina la kubuni, na msomaji wa Dar es Salaam anatambua mara moja ni akina nani. Tunaielewa tahadhari hiyo, ingawa inaacha kamba moja ya gunia haijakatwa. Kitabu chake cha hadithi fupi, Uhuru Street, kilichofuata mwaka 1991, kinakwenda mbele kidogo: humo msichana wa Kihindi wa chuo kikuu na mhadhiri kutoka Ghana wanabishana juu ya ubaguzi mpaka ubishi wenyewe unakuwa njia ya kukaribiana, na kikwazo kinabaki kwa mama nyumbani. Hata hivyo gunia la upande wa pili, la Mswahili wa Kariakoo mwenye nyumba ya vyumba sita, ambaye babu yake huenda alimiliki watu au alimilikiwa, bado linangoja wa kulifungua. Fasihi yetu ya Kiswahili ya miaka ya 1970 iliyagusa mambo haya kwa upande wa Zanzibar, kama alivyofanya Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad, lakini iliyavika nguo za kitabaka, bwana na mtwana, na rangi ikapita mlango wa nyuma.

Tungependekeza kwa walimu wa vyuo vyetu kwamba habari ya Matamu na ile ya kambini zisomwe katika somo la maadili au la huduma ya kichungaji, pamoja na tamko la 1977, na kwamba wanafunzi wasiombwe kueleza nani alikuwa na haki kati ya Salim na Amina. Waombwe kuandika maneno ambayo Salim hakuyasema pale kambini. Kazi kama hiyo itamfaa mchungaji kijana atakayepangiwa Kariakoo kuliko mhadhara wa saa mbili juu ya umoja.

Aidha tungependa kuiona riwaya hii kwa Kiswahili, mikononi mwa wale ambao mtaa wao umesimuliwa. Mfasiri atakuwa na kazi ngumu mahali pamoja. Atakutana na usemi wa nyuma ya kaunta, pamoja na jamii ya maneno kama "golo", ambalo Uhindini lilimtaja Mwafrika na ambalo asili yake ni mtumwa. Na kwa upande mwingine atakuwa na akiba tele ya maneno yetu, kuanzia "Mhindi koko". Atashawishika kuyalainisha, hasa kama kitabu kitapigwa chapa na taasisi ya Kanisa. Tungemshauri ayaache yalivyo, bila maelezo pembeni, ili atakayesoma kwa sauti mbele ya darasa alazimike kuyatamka.